Ngamia wa Ukurasa wa Kumi na Nne

Watu wa Garissa wana adabu zao. Mtu akifiwa, hawaulizi marehemu alikufaje mpaka chai inywewe. Mtu akifilisika, wanamsalimu kwa sauti ile ile waliyomsalimia alipokuwa tajiri. Lakini Jumatatu ile asubuhi, Dekow alipoingia soko la mifugo, adabu ilikuwa imebaki nyumbani.

"Warya Dekow!" Salah alimwita kutoka upande wa mbuzi. Salah, kama Dekow, alikuwa dalali wa mifugo, na kwa miaka kumi na mitano wawili hao walikuwa wakinyang'anyana wateja asubuhi na kula sahani moja mchana. "Barwako habari yake? Nasikia siku hizi inafundisha mawakili."

Wanaume sita wakacheka. Dekow hakucheka. Hakuna kitu kilichomkera duniani kama kicheko asichojua kilikotoka.

"Unasema nini wewe?"

"Ngamia yako imeingia kitabu ya sheria, ndugu yangu. Angalia simu yako."

Simu ya Dekow ilikuwa ya vitufe, na Salah alijua hivyo. Akamsogezea yake. Kwenye kikundi cha ukoo, kijana mmoja anayesomea sheria Nairobi alikuwa ameweka makala ndefu ya Kiingereza, na chini yake ameandika: "Huyu si Barwako wa adeer Dekow, ami yetu? Ukurasa wa 14." Kisha vikafuata vikatuni vya kucheka, vingi, na mwisho kabisa sauti ya Mzee Abdullahi, mkuu wa wazee wa maslaha, kavu, bila salamu ya maana: "Aliyetoa maneno ya maslaha nje atajulikana. Alhamisi, baada ya asri, kwangu."

Dekow aliisikiliza sauti hiyo mara mbili. Kisha akarudisha simu, akasema ana shughuli, akaondoka sokoni bila kuuza hata mbuzi mmoja.

Shughuli yenyewe ilikuwa hofu. Miaka minne nyuma, lori lilimgonga mdogo wake, Mahad, kwenye barabara ya Modogashe, likamuua. Dereva alikuwa wa ukoo mwingine. Mambo hayakufika kortini. Wazee wa pande mbili walikaa siku tisa, wakafanya maslaha, suluhu ya kimila. Damu ya mwanamume ni ngamia mia. Wengi waligawanywa kwa ukoo kama ilivyo ada, na ishirini na wawili wakaja kwenye nyumba ya marehemu, yaani kwa mjane wake Bilan na watoto wawili, Alio na Kowsar. Kwa kuwa mjane hafugi na watoto walikuwa wadogo, waliwekwa mikononi mwa Dekow. Fatiha ikasomwa, na pande zote mbili zikaahidi kwamba maneno ya damu ile hayatatoka nje tena. Upande utakaoyatoa utakuwa umevunja mapatano.

Sasa yalikuwa yametoka, na yalikuwa Nairobi, kwenye jarida la sheria.

*

Nyumbani kulikuwa na watu wazima watatu wa kushukiwa, na Dekow aliwapitia mmoja mmoja kama mtu anayepapasa mbavu za mbuzi kabla ya kutaja bei.

Mkewe Fatumo alikuwa na mdomo, hilo hakuna aliyebisha, lakini mdomo wake ulifika kwa dada zake tu, ukarudi. Binti yake Iftin alikuwa amemaliza diploma na alikuwa bado anatafuta kazi. Alijua Kiingereza na alishinda na simu. Huyo alimweka pembeni kwanza. Wa tatu ni Bilan mwenyewe, aliyeishi chumba cha pili cha boma lile lile na kuuza maziwa ya ngamia sokoni. Bilan hakuwa na maneno mengi. Tangu azikwe mumewe, hakuwahi kumuuliza shemeji yake hata siku moja: ngamia wanaendeleaje? Wengine wangeita hiyo subira. Dekow, kila alipoufikiria ukimya ule, aliona kama mtu anayemtazama kutoka mgongoni.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alimwambia Fatumo.

"Nguo gani?" Fatumo akauliza, akipepeta mchele.

"Kuna mgeni yeyote aliyekuja kwa Bilan? Mtu wa kuandika andika?"

Fatumo akafikiri. "Hapa hapana. Lakini sokoni, wakati wa ukame mwaka jana, kuna msichana wa Nairobi alikuwa anazunguka na daftari. Mrembo, amevaa jilbabu ya kijani. Alikunywa maziwa kwa Bilan. Vikombe viwili."

"Vikombe viwili!" Dekow akasema, kana kwamba kikombe kimoja kingekuwa halali.

Alimwita Iftin, akamwambia amsomee huo ukurasa. Msichana akakaa kwenye mkeka, simu mkononi, akaanza kugeuza Kiingereza taratibu. Mwandishi alikuwa mhadhiri wa kitivo cha sheria cha chuo kimoja Nairobi, Daktari Ruweyda, binti wa Wasomali aliyezaliwa Eastleigh. Hoja yake, Iftin alivyoieleza, ilikuwa kwamba Katiba inayapa maslaha nafasi, na kortini kesi za damu zikipelekwa kwa wazee hakimu hufurahi, faili imefungwa. Lakini hakuna anayerudi kuuliza mali ile iliishia mikononi mwa nani.

"Hayo ni ya kwao. Soma ya kumi na nne."

"'Katika mji mmoja wa kando ya mto,'" Iftin akasoma, "'mjane tutakayemwita Mama H. aliachiwa watoto. Ngamia ishirini na wawili wa fidia walipokelewa na shemeji yake, tutakayemwita Bwana K.'"

"Bwana K.!" Dekow akasema. "Hata jina la maana sikupata."

"'Miongoni mwao alikuwamo Barwako, jike mweupe mwenye sikio la kushoto lililopasuliwa mara mbili, aliyezaa pacha mwaka wa mafuriko na wote wawili wakasimama. Mama H. leo anauza sokoni maziwa anayonunua kwa wanawake wengine. Hakuna sheria, ya mila wala ya serikali, inayomlazimu Bwana K. kueleza ngamia hao wako wapi.'"

Fatumo aliacha kupepeta.

Hapo ndipo Dekow alipoelewa kicheko cha sokoni. Daktari alikuwa amewaficha watu wote kwa uangalifu mkubwa: kawabadilisha majina, kaficha mji, kaficha ukoo. Ngamia tu ndiye aliyemwacha na jina lake, na rangi yake, na sikio lake. Mtu wa Eastleigh, ngamia amezoea kumwona kwenye sahani, angejuaje? Kuanzia Garissa mpaka Takaba, unaweza kumficha mtu, baba yake na babu yake. Lakini jike aliyezaa pacha wakaishi, huyo anajulikana na kila mchungaji aliyewahi kunywa maji kisimani.

"Kuna maandishi madogo hapa chini, aabo," Iftin akasema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Yanaeleza—"

"Madogo ya nini?"

"Ya... ya ushahidi. Mahali alipopata hizo habari."

"Najua alikozipata. Kwenye vikombe viwili vya maziwa. Inatosha."

"Lakini aabo—"

"Nimesema inatosha!"

Iftin akazima simu, akamtazama baba yake kwa muda mrefu kuliko ilivyo heshima, kisha akainuka.

*

Jumanne Dekow alienda kwa Mzee Abdullahi kabla hajaitwa. Hiyo ndiyo ilikuwa hesabu yake: anayefika wa kwanza ndiye mlalamikaji, na anayengoja ndiye mshtakiwa.

Mzee alikuwa amekaa barazani na kikombe cha chai ya tangawizi. Alimwacha Dekow asimame kidogo zaidi ya ilivyohitajika, ndipo akamwonyesha mkeka.

"Watu wa dereva wamenipigia tangu alfajiri," Mzee akasema. "Wanauliza, kama nyinyi mnaenda kulia kwa mawakili, sisi ngamia tulitoa za nini? Nimewaambia, ngojeni. Sasa niambie wewe. Nani?"

"Sina ushahidi, adeer."

"Sikuuliza ushahidi. Mimi si korti."

Dekow akatazama kanda za viatu vyake. "Yule brofesa alikunywa maziwa kwa mjane wa Mahad."

Mzee Abdullahi akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyethibitishiwa jambo alilolijua. "Mwanamke wa Bute. Nilisema tangu ndoa ile. Kama ni yeye, kwao kupo. Arudi Bute. Watoto ni wa ukoo, watabaki kwako."

Dekow alijua kuwa hapo palikuwa mahali pa kusema jambo. Mtoto mdogo, Kowsar, alikuwa na miaka mitano na kifua kibovu. Bilan hakuwa amewahi kulala usiku mmoja mbali naye. Lakini ndani ya maneno ya Mzee kulikuwa na kitu kingine, na Dekow alikiona upesi, maana alikuwa dalali na macho ya dalali ni mepesi: Bilan akienda Bute, lile swali la ngamia wako wapi halina tena wa kuliuliza.

"Haye," akasema. Ndiyo tu.

Aliporudi, akamkuta Bilan akisuuza madumu ya maziwa. Akamwambia aache. Akamwekea msahafu juu ya kiti, umefunikwa kitambaa cheupe, mbele ya Fatumo na Iftin.

"Apa kwamba hukusema."

Bilan akafuta mikono kwa mtandio wake, polepole, kila kidole. "Nitaapa, shemeji. Udhu ninao. Lakini kwanza niulize. Yale yaliyoandikwa, nimesimuliwa sokoni, hata na wanaonidai. Ni uongo?"

"Sijakuita uniulize maswali."

"Thumuni yangu ya urithi sikuidai. Nilisema, wakue watoto. Kila asubuhi nanunua maziwa kwa Shamso, mwanamke ambaye mumewe hajafa na ngamia wake ni wanne. Yeye hunipunguzia bei kwa sababu ananihurumia. Hilo ndilo unataka niape kwamba sikulisema?"

"Apa!"

Akaapa. Aliweka mkono juu ya msahafu na kusema wallahi, billahi, tallahi, hakumwambia yule mwanamke neno lolote ila bei ya maziwa. Sauti yake haikutetemeka, na hilo ndilo lililomtia Dekow shaka zaidi. Mtu mwenye shaka hana dawa: ukilia, una hatia, usipolia, moyo wako mgumu.

"Tutaona Alhamisi," akasema.

*

Usemi ni kwamba siri ya mtungi aijuaye ni kata. Dekow aliitaka hiyo kata. Jumatano adhuhuri akamwagiza Iftin amtafutie namba ya huyo daktari. Haikuwa kazi, chini ya makala palikuwa na anwani, Iftin akaandika, na baada ya nusu saa namba ikaja. Wakakaa wawili nyuma ya nyumba, kwenye kivuli chembamba cha tangi la maji, simu katikati yao.

"Asalaam aleikum," sauti ya mwanamke ikasema, changa kuliko alivyotarajia.

"Waaleikum salaam. Mimi ni mtu wa Garissa. Nimesoma kitabu chako."

"Ahsante sana, adeer. Wachache sana huwa wanasoma."

"Usishukuru. Nataka jina. Nani alikwambia habari ya ngamia?"

"Adeer, nisamehe, hilo siwezi. Kabla sijazungumza na mtu namwahidi kwamba jina lake halitatoka kwangu. Chuo kina kamati ya kusimamia hayo, na mimi nina Mungu wangu. Hata waziri akiuliza, simtajii."

"Hata mimi mwenye ngamia?"

Upande wa pili zikasikika honi za magari za Nairobi. "Adeer, uko peke yako hapo?"

"Niko na binti yangu."

"Unakubali asikie?"

"Asikie nini? Sina siri mimi!"

"Basi aliyeniambia ni wewe. Subhanallah, nilijua hii sauti naijua! Adeer Dekow, Barwako hajambo?"

Kikamjia Dekow mbele ya macho yake kibanda cha chai pale sokoni, wakati wa ukame, siku ambayo hakukuwa na mteja hata mmoja. Msichana wa jilbabu ya kijani. Alikuwa amemuuliza habari za maslaha, naye akamkemea: hayo ni mambo ya wazee. Msichana hakukasirika. Akafunga daftari, akauliza tu, kama mtu anayepitisha wakati: adeer, ngamia bora kabisa uliyewahi kumwona ni yupi? Tena akauliza kama kweli nundu imejaa maji. Maskini, Msomali mzima. Dekow alimwonea huruma. Na ni mchungaji gani, akaulizwa swali hilo, na msikilizaji ana adabu na chai inalipiwa, atakayejibu kwa neno moja?

"Tulikaa saa moja na nusu," sauti iliendelea. "Ulinieleza alivyokuja na wale wengine kwa ajili ya marehemu ndugu yako, na kwamba wewe mwenyewe ulitembea siku mbili kuwachagua. Ukasema mjane hana shida, anauza maziwa yake sokoni, wewe ndiye unayesimamia kila kitu. Ulinikataza nisiandike mtu hata mmoja. Lakini Barwako, ulisema, muandike kwa jina lake, maana hakuna mwingine. Ukatia sahihi."

"Ile karatasi ilikuwa ya chai!"

"Ilikuwa ya ridhaa, adeer. Nilikusomea."

Huenda alimsomea. Wakati ule Dekow alikuwa kwenye habari ya pacha. "Na kwa nini uliniandika mimi mwizi?"

"Sikukuandika mwizi. Niliandika uliyosema, nikanunua maziwa sokoni, nikauliza yametoka kwa nani. Halafu nikauliza swali moja."

Dekow hakumuuliza ni swali gani. Alilijua. Ukame ulikuwa umeua ngamia sita, hilo Mungu ni shahidi. Lakini watano aliwauza yeye, wawili kwa bati la nyumba hii, mmoja kwa harusi ya mwanawe mkubwa, wengine hakumbuki vizuri, na kila mara alijiambia atarudisha mvua ikinyesha. Mvua ilikuwa imenyesha mara mbili.

"Kama kuna shida, adeer, niambie," daktari akasema, sasa kwa wasiwasi. "Mimi... ile ya jina la ngamia, kumbe... Sauti yako mwenyewe niliyoirekodi siku ile una haki nayo. Nikutumie?"

"Tuma, eddo," Iftin akajibu kwa niaba ya baba yake, akimwita shangazi kwa heshima.

Simu ikakatwa. Dekow hakumtazama binti yake. "Ulijua."

"Tangu Jumatatu. Yale maandishi madogo yalisema: mahojiano na dalali wa mifugo, mwanamume wa miaka hamsini na kitu, kwenye kibanda cha chai. Ulisema inatosha."

"Umemwambia nani?"

"Sijamwambia mtu. Nilingoja useme mwenyewe."

Aliondoka akamwacha pale. Na Dekow, kusema haki, jambo la kwanza alilolifikiria halikuwa zuri. Alifikiri: tunajua wawili tu.

Alikuwa bado na wazo hilo alipopita karibu na dirisha la jikoni na kusikia sauti ya Bilan. Hakuwa akilia wala kulalamika. Alikuwa akimwelekeza Fatumo. "Ile dawa ya kuvuta, mara mbili, halafu mhesabie mpaka kumi, akatae asikatae. Vumbi likianza mfunge kitambaa. Na usiku halali mpaka ashike sikio la mtu. La kushoto au la kulia, hajali. Umpe tu sikio, eddo, atalala."

"Hutaenda popote," Fatumo akasema, lakini alikuwa analia.

"Andika ile ya kuhesabu," Bilan akasema. "Utasahau."

Dekow alisimama ukutani hapo hadi miguu ikamuuma. Aibu ilimpanda mwilini kama homa. Alitaka kuingia aseme, lakini kusema jikoni mbele ya wanawake ni rahisi. Aliogopa kwamba akilisema hapo, kesho mbele ya wanaume hatakuwa nalo.

*

Alhamisi, baada ya asri, wazee watano walikaa barazani kwa Abdullahi. Wanawake walikuwa nyuma ya pazia la maua: Bilan, Fatumo, Iftin. Mzee hakuzungusha maneno. Alisoma dua, akaeleza madhara, akasema jina la mtu halitajwi lakini mahali maziwa yaliponywewa panajulikana. Mjane wa Mahad arudi kwa ndugu zake Bute kabla ya Ijumaa ijayo. Watoto ni wa ukoo. Mwenye neno aseme.

"Mimi nina neno," Dekow akasema. "Aliyesema ni mimi."

Wazee wakatazamana. Kisha uso wa Mzee Abdullahi ukalainika kwa namna ambayo Dekow hakuwahi kuiona.

"Mnaona?" Mzee akawaambia wenzake. "Ndiyo maana nasema ukoo huu bado una wanaume. Anambebea mzigo mjane wa ndugu yake."

"Mashallah," mmoja akasema. Mwingine akafuta jicho.

"Sibebi kitu, adeer. Ni mimi."

"Tumesikia, mwanangu, na Mungu amesikia. Kaa chini."

Katika maisha yake yote hakuna aliyewahi kumsifu Dekow kiasi hicho mbele ya watu. Na angeweza kukaa. Alikuwa amesema ukweli, mara mbili, mbele ya mashahidi. Wasipoamini, ni kosa lake? Magoti yake yalikwisha kuanza kukunjika. Akatupa jicho kwenye pazia, akitarajia labda kwikwi, labda ahsante. Hapakuwa na kitu. Ndipo alipofahamu kwamba hata Bilan hamwamini. Anadhani shemeji yake anajitafutia sifa juu ya mgongo wake, na kwa mtu aliyeapishwa kwa msahafu nyumbani kwake, angedhani nini kingine?

"Iftin," Dekow akasema. "Leta ile simu."

Iftin alitoka nyuma ya pazia, akaiweka simu katikati ya mkeka, akabonyeza. Kwanza mbuzi. Kisha vijiko vya chai. Kisha sauti ambayo kila mtu barazani aliijua, imejaa, imechangamka, sauti ya mtu aliyeshiba usikivu.

"...weupe gani? Si weupe wa maziwa, weupe wa wingu! Na sikio, andika, kushoto, mara mbili. Pacha, wallahi! Watu walitoka Rhamu kuja kuangalia..."

Mzee mmoja alianza kutetemeka mabega. Mwingine akaficha mdomo kwa kilemba. Dekow alisimama, macho chini, akijisikia akiendelea na kuendelea. Sauti ya msichana ikauliza, taratibu: na hao ngamia ni wa nani, adeer?

"Wa nani? Si yangu! Ni ya mtoto wa Mahad. Mimi mchungaji tu. Siku Alio anafika miaka kumi na nne, naita wazee, nasema, haya, hii ishirini na mbili, chukua wewe na mama yako. Andika na hiyo!"

Dekow aliinua kichwa. Hilo alikuwa amelisahau kabisa. Iftin akanyoosha mkono azime, lakini sauti ilikuwa imekwisha.

Wazee wakaangua kicheko, kicheko cha nafuu, cha watu waliotua mzigo. "Basi ni hii tu?" akasema aliyekuwa anafuta jicho. "Mtu kusifu ngamia yake! Hiyo si kuvunja maslaha. Hata mimi ningesema."

"Watu wa dereva wenyewe watacheka," mwingine akaunga mkono.

Mzee Abdullahi naye alitabasamu, kwa shingo upande kidogo. "Mwanamume na ngamia yake," akasema. "Haya. Hakuna neno. Mjane abaki, sote turudi makwetu. Tusome Fatiha." Akainua mikono.

"Bado, adeer."

Sauti ilitoka nyuma ya pazia. Mikono ya wazee ikabaki hewani.

"Alio alitimiza miaka kumi na nne mwezi wa Rajabu," Bilan akasema. "Na wazee mko hapa."

Hakuna aliyecheka. Mzee Abdullahi alishusha mikono, mmoja halafu wa pili, akamgeukia Dekow. Haukuwepo tena ule ulaini usoni mwake.

"Zimebaki ngapi?"

Dekow alitazama mkeka. Kwa miaka minne alikuwa amewashuku watu wote kwamba siku moja wataliuliza swali hilo, na alikuwa ametayarisha majibu mengi, ya ukame, ya maradhi, ya wezi wa mpakani. Hakupata hata moja.

"Kumi na moja," akasema.

Kando ya barabara muuza maji alipita akigonga pipa lake, akaenda zake.

"Tutaanza na hizo kumi na moja," Bilan akasema. "Hizo nyingine ataeleza, moja moja, na wazee mtasikiliza."

Mzee Abdullahi akamtuma mtu madrasa akamwite Alio.